Soda Si Mshahara

Katika miaka hii ya karibuni umezuka mtindo mmoja katika mitaa yetu ya watu wa hali ya chini, nasi twaona haifai kuunyamazia. Kampuni yenye bidhaa ya kuuza, iwe sabuni, kinywaji, viatu vya mpira au laini za simu, haitosheki tena na tangazo la kutaja bei na kusifu ubora. Siku hizi inataka hadithi. Basi huwatafuta watu wa sinema, nao huja katika mitaa kama Tandale, Manzese au Vingunguti wakatengeneza sinema fupi ya dakika mbili au tatu, na mashujaa wake huwa ni watoto wa mtaa wenyewe. Mwishoni hutokea alama ya kampuni, na mtazamaji, machozi yakimlengalenga, huondoka akiipenda bidhaa ile kuliko alivyoipenda jana.

Hatusemi kwamba jambo hili ni baya kwa asili yake. Sinema ni sanaa, na watoto wetu wana vipaji ambavyo haifai vifichwe. Biashara nayo ni halali, na mwenye bidhaa ana haki ya kuitangaza. Tunalouliza ni swali moja tu, nalo twaomba wasomaji wetu walishike mpaka mwisho wa maneno yetu: Mtoto yule anayeonekana katika sinema ile ni nani katika shughuli hiyo? Je, ni mgeni aliyealikwa kwenye furaha? Ni maskini anayesaidiwa? Au ni mfanyakazi?

Sisi twajibu kwamba ni mfanyakazi. Na kwa kuwa ni mfanyakazi, anastahili haki zote za mfanyakazi, tena zaidi, kwa sababu ni mtoto.

Hebu tuitazame siku yenyewe. Magari hufika alfajiri, kabla jua halijawa kali, kwani mwanga wa saa hizo ndio unaopendwa na wapiga picha. Mwenyekiti wa mtaa amekwisha kuonwa. Watoto hukusanywa, hupangwa mstari, hutazamwa nyuso, na wachache huchaguliwa. Kisha kazi huanza. Mtoto huambiwa akimbie katika uchochoro wenye tope akiufuata mpira wa makaratasi. Akifika mwisho huambiwa arudie. Mara ya pili wingu limepita, arudie. Mara ya tatu kuku amekatiza, arudie. Mara ya nne alitabasamu pale alipotakiwa ahuzunike, arudie tena. Mpaka jioni amekwisha kuukimbia uchochoro ule mara nyingi kuliko alivyowahi kuukimbia kwa kutumwa chumvi dukani. Amesimama juani, amengoja, ametii, amelia alipotakiwa alie, na amecheka alipotakiwa acheke. Kama hiyo si kazi, basi twaomba tuambiwe kazi ni nini.

Inapofika saa ya kufunga vyombo, kila mtu aliyekuwapo hulipwa. Mpiga picha hulipwa kwa siku. Mshika taa hulipwa. Dereva hulipwa, na mama aliyepika wali wa wakubwa hulipwa. Hata mwenye jenereta hulipwa, na jenereta lake likalipiwa mafuta. Lakini mtoto, ambaye bila sura yake pasingekuwa na sinema, hupewa soda, fulana yenye alama ya kampuni na madaftari mawili, akapigwa picha ya pamoja, akaambiwa asante. Picha ile ya pamoja nayo hutumiwa baadaye kuonyesha kwamba kampuni inaipenda jamii.

Mama mmoja alitusimulia jambo ambalo limekataa kututoka moyoni. Aliambiwa jioni kwamba mwanawe wa miaka minane amechaguliwa. Usiku ule alimfulia nguo zake za Idi, akazipiga pasi ya mkaa, na asubuhi akampaka mafuta na kumvika viatu. Alipomfikisha pale, kijana mmoja mwenye karatasi mkononi alimtazama mtoto, akatikisa kichwa, akasema kwa upole kabisa kwamba hivyo havifai. Mtoto avuliwe viatu, na ikiwezekana avae fulana iliyochanika. Yule mama hakuwa nayo fulana iliyochanika, kwa kuwa zile zilizochanika huzishona. Ikabidi mtoto aazimwe kwa jirani. Mama yule hakulalamika. Alituambia tu: "Niliona haya, kana kwamba nilikuwa nimekosea kumsafisha."

Twaomba msomaji alifikiri neno hilo. Mtoto yule hakutakiwa alivyo. Alitakiwa aigize umaskini uliozidi ule alio nao. Basi kama umaskini ule una thamani sokoni, hata kampuni ikatoa fedha nyingi ili iuonyeshe, mwenye mali hiyo ni nani? Ni yeye na mama yake. Na mali ya mtu haichukuliwi kwa soda.

Wapo watakaosema kwamba tunakuza mambo, na kwamba sheria zimetungwa kwa ajili ya watoto wa machimboni na mashambani, wala si kwa ajili ya watoto waliocheza mbele ya kamera kwa siku mbili. Hao twawaomba wasome upya. Mkataba Namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1973 na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1998, unakitaja wazi kitendo cha mtoto kushiriki katika maonyesho ya sanaa. Unasema kwamba ruhusa yaweza kutolewa kwa mtoto aliye chini ya umri wa kufanya kazi, lakini itolewe kwa kila shauri peke yake, na iweke mpaka wa saa na masharti ya kazi. Maana yake ni kwamba wale waliouandika walitambua kwamba kuigiza ni kazi. Isingekuwa kazi, ruhusa ingekuwa ya nini? Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya nchi yetu imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kufanya kazi, tena kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia masomo, na imesema kwamba mtoto anayefanya kazi ana haki ya kulipwa ujira ulio sawa na thamani ya kazi aliyoifanya. Haikutaja soda wala fulana.

Tena liko jambo la karatasi. Kabla ya kamera kufunguliwa, mzazi huletewa hati atie sahihi au dole gumba. Mara nyingi hati hiyo huwa ya Kiingereza. Anayeileta humwambia mzazi kwamba ni ya kuonyesha tu kuwa amekubali. Lakini maneno ya hati za namna hiyo katika biashara ya matangazo ni mazito. Husema kwamba kampuni yaweza kuitumia sura ya mtoto, sauti yake na jina lake, mahali popote ulimwenguni, katika chombo chochote kilichopo na kitakachobuniwa baadaye, milele, bila malipo mengine. Mwigizaji mtu mzima aliyezoea kazi hiyo hawezi kuikubali hati hiyo hivi hivi. Yeye husema sura yangu mtaitumia mwaka mmoja, katika nchi fulani, na mkitaka kuendelea tutaonana tena. Mtoto wa Vingunguti huuza milele yake kwa siku moja, wala hana habari kwamba ameuza.

Na milele ya leo si ile ya zamani. Zamani tangazo lilichakaa likabanduliwa ukutani. Leo sura iliyoingia katika mtandao haitoki. Mwaka 2024 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba picha za watoto wa Brazil, na baadaye za watoto wa Australia, zilikutwa katika hazina ya picha iliyotumiwa kufundishia mitambo ya akili mnemba, bila wao wala wazazi wao kujua. Kwa mitambo hiyo, sura ya mtoto yaweza kutengenezewa mambo ambayo hakuyafanya na maneno ambayo hakuyasema. Mzazi anayetia dole gumba leo chini ya maneno "chombo kitakachobuniwa baadaye" ametia dole gumba chini ya jambo ambalo hata yule aliyeiandika hati hawezi kulieleza.

Nchi yetu si ngeni katika mambo haya. Kati ya mwaka 1935 na 1937, katika milima ya Usambara pale Vugiri, Waingereza walifanya majaribio ya kutengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika. Moja katika zile za mwanzo ilikuwa ya kuisifu Benki ya Akiba ya Posta. Mtu mmoja anafukia fedha zake ardhini zikaibwa, na mwenzake anaziweka benki zikasalimika. Waigizaji walikuwa watu wetu, na hadithi ilitungwa na wengine. Aliyeshika kamera ndiye aliyeamua nani mwerevu na nani mjinga. Miaka hiyo imepita, nasi tungependa kuamini kwamba desturi ile imepita nayo.

Lakini historia hiyo hiyo ina upande wa pili. Mapema katika miaka ya 1950 ilitengenezwa hapa sinema ya Kiswahili iliyoitwa Muhogo Mchungu, na mwigizaji wake mkuu alikuwa kijana mmoja aliyeitwa Rashidi Mfaume Kawawa. Mwaka 1962 kijana yule alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Hatusemi kwamba sinema ndiyo iliyompa uwaziri mkuu. Twasema kwamba aliingia katika sinema akiwa mtu mzima, mwenye jina lake na akili yake, anayejua anafanya nini na kwa nini, na sinema haikumpunguzia utu hata chembe. Hilo ndilo tunalolitaka kwa watoto wetu. Kwa kuwa wao bado hawana umri wa kujisimamia, ni wajibu wetu wakubwa kuwasimamia mpaka waufikie.

Mataifa mengine yalijifunza somo hili kwa machozi. Mwaka 1921 Charlie Chaplin alitoa sinema iitwayo The Kid, ya mtoto aliyeokotwa akalelewa katika mtaa wa maskini. Mtoto aliyeigiza, Jackie Coogan, akawa maarufu duniani na akachuma mamilioni ya dola. Alipofikia utu uzima mwaka 1935 alikuta karibu fedha zote zimekwisha kutumiwa na mama yake na baba yake wa kambo. Alikwenda mahakamani mwaka 1938, na alichokipata ni sehemu ndogo tu ya jasho lake. Kwa sababu ya aibu ile, jimbo la California lilitunga sheria mwaka 1939 ya kulinda mapato ya watoto wa sinema, na tangu mwaka 2000 sheria hiyo inamtaka mwajiri aweke asilimia 15 ya ujira wa mtoto katika akaunti isiyoguswa mpaka mtoto akue. Tazameni basi: mtoto yule aliigiza umaskini, na bado alitambuliwa kuwa ana ujira wa kulindwa. Wa kwetu ni maskini kweli, na hata ujira wenyewe hautajwi.

Huko India nako, mwaka 1988, Mira Nair alitengeneza sinema Salaam Bombay! kwa kuwatumia watoto waliokuwa wakiishi barabarani. Aliwafundisha kwanza kabla ya kuwapiga picha, na baada ya sinema ukaanzishwa mfuko wa kuwahudumia watoto wa barabarani ambao umeendelea kufanya kazi hiyo. Hayo ni mambo ya kusifiwa. Hata hivyo kijana aliyeigiza nafasi kuu, aliyepewa tuzo ya taifa kwa kazi ile, baadaye alirudi kwao akawa dereva wa bajaji. Udereva ni kazi ya halali, nasi hatuudharau. Twalitaja jambo hili ili kuonyesha kwamba hata pale palipokuwa na nia njema, makofi hukoma na maisha huendelea. Makofi hayalipi ada ya shule. Kinacholipa ni ujira uliowekwa mahali salama.

Sasa tuzijibu hoja za wenzetu wasiokubaliana nasi, kwani haifai kuzipuuza.

Hoja ya kwanza ni kwamba tukiweka masharti, kampuni zitakimbia, na watoto watakosa hata hiyo soda. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni anayetaka mwenyeji amwandalie, amtumikie, kisha abaki alivyokuwa, huyo hakuja kumponya mtu. Tena kampuni yenye uwezo wa kukodi kamera, magari, jenereta na watu thelathini haishindwi kumlipa mtoto mmoja ujira wa siku mbili. Hoja kama hii ilitolewa zamani kila mara mfanyakazi wa bandari au wa shamba la mkonge alipodai haki yake. Bandari haikuhama.

Hoja ya pili ni kwamba watoto wenyewe hufurahi. Ni kweli, hufurahi. Mtoto hufurahi hata akibebeshwa ndoo ya maji ikiwa anaibeba pamoja na wenzake. Furaha yake haimwondolei mkubwa deni. Seremala anayeipenda kazi yake haambiwi kwamba kwa kuwa ameipenda basi asilipwe.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu, nayo yatuhusu sisi wenyewe. Wasema kwamba fedha akipewa mtoto italiwa na wazazi, na kwamba wapo wazazi watakaomtoa mtoto shuleni na kumzungusha kwa wapiga picha kama mtaji. Hatukatai. Habari ya Coogan tuliyoieleza ni ya mama na baba wa kambo, si ya kampuni. Dhiki huweza kumfanya mzazi mwema atende asilolipenda. Lakini dawa ya mzazi kula fedha ya mtoto si kumwachia tajiri aile kabla haijafika. Dawa ni kuiweka mahali ambapo hawaifikii wote wawili.

Basi twatoa maoni yetu kwa wahusika, nayo si mengi.

La kwanza, Bodi ya Filamu, ambayo ndiyo itoayo vibali vya kupiga sinema, isitoe kibali kwa sinema yoyote yenye alama ya biashara na yenye watoto mpaka ionyeshwe majina yao, umri wao, saa watakazofanya kazi, na ujira wao. Siku za shule ziwe za shule. Awepo mahali pa kazi afisa wa ustawi wa jamii au mtu mzima mwingine asiyelipwa na kampuni, mwenye uwezo wa kusema "inatosha", na likisemwa neno hilo kamera ifungwe.

La pili, hati ya makubaliano iandikwe kwa Kiswahili na isomwe kwa sauti mbele ya mzazi, mtoto na shahidi wa mtaa. Itaje muda wa sura kutumika, mathalani mwaka mmoja, na nchi itakakotumika. Neno "milele" lifutwe. Ikatazwe kabisa kutumia sura ya mtoto kufundishia mitambo au kutengenezea picha nyingine. Nakala moja ibaki kwa mzazi. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtoto ni taarifa yake binafsi kuliko zote. Sheria hiyo itumike.

La tatu, ujira wa mtoto ulingane na ule anaolipwa mwigizaji wa kawaida kwa kazi ile ile. Sehemu apewe mzazi kwa ajili ya mahitaji ya mtoto, na sehemu iwekwe benki kwa jina la mtoto mpaka afikie umri wa miaka 18. Kampuni ikipenda kuongeza madaftari, kisima au madawati, itashukuriwa sana. Lakini zawadi kwa mtaa isihesabiwe kuwa mshahara wa mtoto.

La nne, sinema ikimalizika ionyeshwe kwanza mtaani ilikopigwa, kabla haijaonyeshwa kwingine. Mtoto ajione na mama yake amwone. Wakiona kwamba wamedhalilishwa, wasikilizwe. Twaamini kwamba mwongozaji anayejua kuwa kazi yake itatazamwa kwanza na mama wa mtoto hataazima fulana iliyochanika.

Kwa ndugu zetu wazazi tuna neno moja. Msione haya kuuliza kiasi gani, kwa muda gani, na kwa nini. Hayo si maneno ya mtu mwenye tamaa. Mwenye nyumba humwuliza mpangaji maneno hayo hayo, na fundi humwuliza mwenye kazi. Na kwa wenyeviti wa mitaa twasema: mliochaguliwa na watu hamkuchaguliwa muwe madalali wa nyuso za watoto wao.

Na kwa vijana wetu wa sinema, ambao wengi wao wamezaliwa katika mitaa hii hii, twawaomba wasikubali kuwa yule kijana mwenye karatasi aliyemvua mtoto viatu. Mwaka 2020 shirika la hisani la Comic Relief la Uingereza, baada ya kulaumiwa sana, lilitangaza kwamba halitawatuma tena watu mashuhuri wa kwao kuja Afrika kupigwa picha na watoto, bali litawapa kazi watengenezaji wa sinema wa Afrika. Hilo ni jema. Lakini litakuwa na faida gani ikiwa kamera imebadilisha mkono, na mtoto amebaki na soda yake?

Nguo za Idi za mtoto yule ziko sandukuni, na mwaka ujao huenda zikawa zimembana. Mama yake angependa siku moja aione picha ya mwanawe akiwa amezivaa. Hatuoni kwamba hilo ni kubwa kulitaka. Wazee wetu walituachia kanuni ya kutosha kwa jambo hili lote: Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Sisi twasema asinyongwe, na haki yake apewe.